Korona na masomo ya chuo: hasara kubwa ilikuja baada ya vyuo kufunguliwa

Mleta uzi ameuliza ni kwa namna gani korona iliathiri masomo ya wanachuo wa Tanzania, ilhali vyuo vilifungwa Machi 18, 2020 na kufunguliwa Juni 1 mwaka huohuo, muda ambao wengi wanauona kama likizo ndefu tu. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu wa sayansi katika chuo kimoja cha hapa Dodoma.

Nyumbani kwetu ni kijijini, wilayani Chemba. Mihadhara yetu haikuhamishiwa mtandaoni; tulichopata ni madokezo ambayo kiongozi wa darasa aliyatuma kwenye kundi la WhatsApp, na kuyapakua kulihitaji bando na kutafuta mahali penye mtandao. Isitoshe, Aprili na Mei ni majira ya kuamia ndege, na sijui mzazi wa kwetu atakayemwacha kijana mwenye nguvu zake abaki ndani na daftari huku kwelea kwelea wakimaliza uwele shambani. Silalamiki kwa hilo, maana bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, halikuingia kipindi chote hicho na uwele huo ndio tuliokula.

Tuliporudi, ratiba ilibanwa. Vipindi viliingia hadi jioni na Jumamosi, na mada ambayo kwa kawaida ingefundishwa kwa majuma kadhaa ilimalizwa kwa mihadhara miwili. Kwa masomo ya nadharia, mwenye bidii aliweza kujisomea usiku akafidia. Maabara haifidiwi hivyo. Majaribio ya kemia, kwa mfano kukeneka (kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake ili kukitenganisha na vingine), ambayo kila mwanafunzi alipaswa kuyafanya kwa mikono yake, yalifanywa na mkufunzi mmoja mbele ya kundi kubwa lililovaa barakoa, nasi tukanakili vipimo alivyovisoma. Ripoti tuliziandika vizuri na alama tukapata, ndiyo maana sikubaliani na wachangiaji wanaosema kwamba matokeo ya mwaka ule hayakushuka, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mtihani wetu ulipima maandishi peke yake.

Upungufu huo niliuona nilipokwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo, ambako nilitakiwa kuandaa jaribio la kukeneka kwa wanafunzi wa sekondari. Aliyenionyesha namna ya kuunganisha vifaa, na upande gani wa kikonyozi, yaani bomba la kupozea mvuke, maji yanaingilia, ni msimamizi wa maabara ya shule ile.