Barua kwa mwanangu: Babu yako alifunga kamba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma nikalirudia. Waniuliza uombe kozi ya maafisa wa Jeshi la Anga za Juu la Marekani mwaka huu, au umalize kwanza shahada ya pili. Hilo wamuuliza mama wa Ngomeni? Walioko huko Colorado Springs, kozi inakosomeshwa, ndio wajuao. Uliniandikia kwamba tangu 2024 afisa mpya husomeshwa mwaka mzima, setilaiti, ujasusi na ulinzi wa mitandao kwa pamoja, ndipo apangiwe kituo. Haya. Mimi ninalouliza ni lile niliwaambia tangu wadogo, wewe na dada yako: usiulize cheo, uliza kazi yenyewe.

Babu yako wewe ulimkuta mzee, wa kikoi na redio. Mimi nilimjua akiwa baharia wa boti za San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, akipeleka watu kwenye yale majukwaa yaliyo baharini mbele ya Ngomeni. Hakuna mgeni aliyekanyaga kwetu asisimuliwe 12 Desemba 1970, siku Waitaliano waliporusha setilaiti ya Wamarekani ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Ukimsikiliza utadhani aliisukuma kwa mkono wake. Machi 1988 ikarushwa ile ya mwisho. Akarudi nyumbani ananuka dizeli, viganja vimechubuka, nikamuuliza: baba, mle ndani mlikuwa na nini? "Sijui," akasema. "Mimi nilifunga kamba."

Jumatatu mwalimu akanisimamisha niwaeleze wenzangu roketi imekwenda kufanya nini, maana mimi ndiye mtoto wa San Marco. Nikasema babangu alifunga kamba. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye humo humo. Yuko mmoja mpaka leo tukikutana sokoni Malindi huniita Binti Kamba. Mbele za watu!

Jibu nilikuja kulipata kwako, uliponipigia simu usiku kutoka chuoni: Mama, ile ilikuwa inapima hewa ya huko juu kabisa, na Desemba ya mwaka uleule ikaanguka. Nilifurahi hata nikamwamsha baba yako, aliyeamka akidhani kuna msiba.

Sasa ndio hapo. Babu hakujua alichobeba lakini alisimulia mpaka tukachoka. Wewe utajua, na hutaniambia kitu. Umesema mwenyewe, wakikuweka kwenye onyo la makombora hutaruhusiwa kuniambia hata zamu ilikuwaje. Halafu ile fomu ya upekuzi: jamaa walio nje ya Marekani waandikwe, wanaishi wapi, mnazungumza mara ngapi. Yaani mimi niliyekuzaa ndimi wa nje. Imeniuma, sikufichi.

Nikajijibu, jeshi gani lisilouliza? Hata hapa kijana akienda kuandikishwa hukaguliwa mpaka meno. Na ungerudi kwa Shirika la Anga za Juu la Kenya, nalo si liko chini ya Wizara ya Ulinzi? Hiyo setilaiti yetu Taifa-1, Aprili 2023, iliondokea wapi? Vandenberg, kambi ya hilo hilo jeshi lako. Basi pengine ninayechora mpaka ni mimi.

Tena mjomba wako kila alfajiri anaurudia mwamba wake wa samaki kwa GPS, na hajawahi kuuliza ni nani anayekesha Schriever, kambi nyingine ya jeshi hilo, kuziangalia hizo setilaiti. Kazi hiyo ningeisema sokoni hata kwa yule wa Binti Kamba. Ila ya makombora? Kwenye harusi ya dada yako mjomba aliniuliza, "Huko juu kijana atapigana na nani?" Nikajitia kugawa biriani. Uliza kazi yenyewe, mwanangu.

Ukinibana niseme, nitasema... hapana. Baba yako amenikataza nisikuamulie, nami nimekubali kwa shida. Kabla hujatia sahihi, waulize ni miaka mingapi huruhusiwi kuacha, na kama hao wa zamu za usiku hupewa likizo ya Idd. Na kwenye hiyo fomu jina langu liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile la WhatsApp.

Mamako