Siku moja Konark: wahi asubuhi, umtafute twiga

Dada, umeuliza kama siku yako moja ya mapumziko Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo la Odisha huko India, inatosha kwenda kuliona hekalu la Jua la Konark, na kama wewe Mwislamu utaruhusiwa. Inatosha, ni kama kilomita 65, na utaingia. Pale hapana ibada tena. Unakata tiketi kama makumbusho. Wanaowazuia wasio Wahindu ni hekalu la Jagannath kule mji wa Puri, usichanganye.

Ondoka alfajiri. Hekalu linaelekea mashariki, na mawe yakishapata moto utatamani kivuli. Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alilijenga karne ya 13 kwa umbo la gari la mungu Jua: farasi 7, magurudumu 24, kila moja refu kuliko mtu. Simama karibu na gurudumu moja. Kwenye spoki utaona wachezaji ngoma wadogo na wanyama, kila kimoja na sura yake. Waongoza watalii huweka kidole kwenye kitovu, wakasoma saa kwa kivuli chake.

Ndani huingii: mnara mkuu uliporomoka zamani, na ukumbi uliobaki Waingereza waliujaza mchanga usianguke.

Upande wa kusini mwulize mwongozaji akuonyeshe twiga. Ndiyo, twiga wetu, amechongwa Odisha! Mimi huyo ndiye aliyenishika kuliko farasi wote.

Halafu, kama unafuatana na baba mkwe, ujue michongo ya mahaba ipo mingi, tena waziwazi. Mtangulize yeye, wewe baki nyuma.