Umepimwa masikio, au unataka matone tu?

Barua za masikio zimejaa mezani. Leo nachukua za usikivu wa ndani tu, yaani kasoro ya koklea (kile kiungo cha ndani kabisa cha sikio kinachopokea sauti) na mshipa wa fahamu unaoipeleka kwenye ubongo. Wenye usaha wasubiri zamu yao.

Daktari, nitajie dawa ya matone inayorudisha usikivu wa mshipa. (Mwanjelwa, na wengine wengi)

Haipo. Matone yanaishia kwenye ngoma ya sikio, na ugonjwa wenu uko ng'ambo yake, kwenye seli zenye vinyweleo ndani ya koklea. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado wapo wanaouziwa vichupa stendi.

Nafanya kazi kwenye mashine ya mbao miaka mingi. Nasikia watu wakiongea ila maneno siyashiki, hasa penye kelele. Mama watoto anasema nampuuza. Ni nta? (Fundi, Mafinga)

Sidhani, fundi, ila mwache daktari achungulie kwanza. Kelele huanza kula sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f, t na k. Irabu unazipata vizuri, kwa hiyo unajua mtu anaongea, lakini "kaka" na "tata" zinakujia sawasawa. Mkeo hujampuuza, mwonyeshe jibu hili.

Hospitalini wanaweza kugonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, unaolia ukigongwa, na kuusimamisha katikati ya paji lako. Tatizo likiwa nta au ngoma, mlio huhamia sikio bovu; likiwa la ndani, huhamia lililo zima. Kwa fundi wa mbao mara nyingi masikio yote mawili yameumia, na mlio hubaki katikati. Ndiyo maana uma pekee hautoshi. Dai upimwe kwa mashine, utoke na chati ya usikivu mkononi.

Kilichokufa hakirudi, kilichobaki kinaokoka. Kelele hupimwa kwa desibeli, na ya desibeli 85 mwisho wake ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15 tu, na msumeno wa mnyororo huzipita hizo. Pamba unayojaza masikioni haisaidii kitu cha maana. Vaa vifuniko vya masikio. Tajiri wako ananunua misumeno mipya kila mara, vifuniko havimshindi. Na nyie wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu Chunya, msijifanye hamjasoma hapa.

Nimeamka sikio la kushoto limezima ghafla, linavuma. Dukani wamesema ni mafua, wamenipa vidonge. Nisubiri? (Iringa mjini)

Usisubiri hata kidogo! Barua yako ina tarehe ya wiki iliyopita, na hilo ndilo linaloniudhi. Sikio linalozima ghafla bila maumivu ni dharura, haliandikiwi barua. Likithibitika kuwa la ndani, daktari wa masikio, pua na koo huanzisha dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe wa ndani, na zinafaa zaidi siku za mwanzo. Zikipita wiki mbili matumaini yanapungua. Nenda leo. Steroidi usijinunulie, hasa kama una kisukari au shinikizo la damu.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka miwili, haongei. Alizaliwa akapata manjano sana. Bibi yake anataka akakatwe kimeo. (Mama, Tukuyu)

Marahaba, mama. Bibi tunamheshimu, ila wembe uwekwe chini. Kimeo hakizuii mtoto kuongea, na kukikata kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Manjano kali ya uchanga huharibu njia ya usikivu. Vivyo hivyo homa ya uti wa mgongo, na rubela mama akiipata mimba ikiwa changa. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uombe apimwe usikivu. Vipo vipimo vinavyofanyika mtoto akiwa amelala, hahitaji kujibu. Akionekana hasikii, shime sikio, yaani vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni, zinaanza mapema. Zisipotosha, Muhimbili wanapandikiza kifaa cha koklea tangu 2017. Kinaziruka seli zilizokufa na kuuamsha mshipa kwa umeme, lakini si kila mtoto anafaa, na baada yake kuna mafunzo marefu ya kusikia na kuongea. Wakati mnahangaika, mfundisheni lugha ya alama. Haimzuii kuongea, msidanganyike.

Nilichomwa sindano ya jentamaisini (dawa ya kuua bakteria), sasa masikio yanalia. Yataacha? (Makambako)

Huenda yasiache. Rudi kwa aliyekuandikia, upimwe usikivu na figo. Madhara yanaweza kujitokeza hata baada ya dozi kwisha. Kama hukuandikiwa na mtu, ulichomwa tu chumba cha nyuma cha duka, basi wewe na mwenye duka mna kesi. Dawa hiyo inaokoa watoto wachanga, lakini hupimwa kwa kilo za mgonjwa na hali ya figo zake.

Kwinini je? (Kyela)

Mlio wake kwa kawaida hupungua dawa ikiisha. Mwambie daktari hata hivyo.

Nimemnunulia babu kifaa cha kusikilizia mtandaoni, kinapiga mluzi na amekitupa kabatini. (Uyole)

Babu yuko sahihi. Hicho kinakuza kila kitu, sahani na redio pamoja. Shime sikio hurekebishwa kwa chati ya mtu mwenyewe, na plastiki yake hufinyangwa kwa umbo la sikio lake; ikikaa vibaya inapiga mluzi. Mpe miezi kadhaa ya kuizoea, mkianzia sebuleni kwenye utulivu. Kama betri ni zile ndogo zenye kikaratasi, msikibandue kabla ya kuzitumia: hewa ikiingia zinaanza kuisha, hata zikiwa kabatini.