Jibu: Nikizama kwenye kazi sisikii, ratiba ikibadilika nawaka

Ndugu, umeuliza utajinasuaje ukishazama kwenye kitu, na kwa nini shemeji akibadili mpango kidogo tu unawaka. Mimi ni fundi cherehani, niligunduliwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu viwe vigumu kuvitawala, nikiwa na miaka 34. Juzi nimekaa kutarizi shingo ya kanzu tangu saa mbili asubuhi. Nainua kichwa, maharage yameshakuwa makaa na mteja wa suruali kaondoka zake kanuna.

Alamu ya simu kwangu ni bure, naizima bila hata kujua nimeizima. Kinachoninasua ni mtu. Kijana wangu wa dukani ananigusa bega, halafu hatoki mpaka nisimame. Nikisema "nakuja" huku nimekaa, ujue bado nimo. Ila kabla ya kusimama nachora kwa chaki pale pale kwenye kitambaa hatua inayofuata, maana nusu ya ubishi wangu ni hofu ya kupoteza nilipofikia.

Hilo la ratiba ni ugonjwa ule ule: kichwa kinachelewa kubadili gia. Mwombe shemeji akudokeze mapema, hata dakika kumi. Nawe badala ya "hapana" sema "ngoja kwanza."

Kama hujapimwa, muone daktari wa magonjwa ya akili. Kuzama peke yake si kigezo cha ADHD. Atakuuliza pia kama dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12. Dawa zimenisaidia, lakini zikianza kufanya kazi nimeshika simu, basi nazama kwenye simu.