Mwanangu, angalia miguu chini ya meza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Huku hatujambo, mlima umejifunika tangu juzi na baridi imeanza kuuma. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kwenye ile send-off mwenyekiti wa kamati alikufuata mezani akakwambia nyimbo zako hazijulikani, ukaacha amapiano ukapiga zilipendwa mpaka mwisho, ukarudi nyumbani moyo umekunja. Sasa unauliza: DJ abadilishe staili kila anapokutana na watu wengine, au ashike ya kwake mpaka watu waizoee?

Abadilishe. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho, maana unachotakiwa kubadilisha ni kidogo kuliko unavyodhani, na amapiano yako inaweza kubaki.

Kabla ya kazi yoyote jiulize hivi: watu hawa nitakutana nao tena? Pale Chicago, kwenye klabu ya Music Box, katikati ya miaka ya 1980, DJ Ron Hardy alipewa wimbo mpya wa kundi la Phuture, umejengwa juu ya mashine ya besi inayokoroma na kulia. Alipoupiga mara ya kwanza, watu walitoka uwanjani. Akaurudia usiku uleule, na mara ya nne ukumbi ukapagawa. Wimbo huo, Acid Tracks, ulitoka kwenye sahani mwaka 1987 na ukazaa tawi zima la muziki wa dansi wa house. Ma-DJ vijana wanakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha DJ akishindana na ukumbi na kushinda. Wanasahau kwamba watu wa Hardy walikuwa wake, walimfuata yeye, na wiki iliyofuata wangerudi. Wageni wa send-off wamemfuata binti wa watu. Utawaona kwa muda wa saa tano, basi. Huna usiku wa pili wa kuwazoesha.

Na hata hao wanaosifiwa kwa staili yao, wengi waliiokota miguuni kwa watu. Kool Herc, DJ aliyepiga muziki kwenye sherehe ya dada yake kule Bronx tarehe 11 Agosti 1973, aligundua kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akachukua nakala mbili za sahani moja, akawa anarudisha kipande hicho: cha sahani hii kikiisha, cha ile kinaanza. Hip-hop ikapata msingi wake hapo. Singeli nayo ilikulia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, uswahilini Dar es Salaam, watu wakidai kasi na vipande vya taarab vikikimbizwa kuwafuata. Kwa hiyo usione aibu kumfuata mchezaji.

Sasa, kumfuata maana yake nini? Wewe ulimfuata mwenyekiti. Mwenyekiti ni bosi wako, mheshimu, lakini yeye amesimama, ana presha ya ratiba na ya bajeti, miguu yake haikwambii kitu. Angalia waliokaa. Wimbo ukianza, tazama chini ya meza za pembeni: kisigino kinachogonga sakafu ni mtu anayetaka kuitwa. Hesabu sekunde kati ya wimbo kuanza na mama wa kwanza kusukuma kiti nyuma. Zikizidi 40, wimbo huo haujawagusa. Watu wakiwa tayari uwanjani, angalia wanatoka upande gani. Wakipungua pembezoni mmoja mmoja, wamechoka au wana kiu, wimbo hauna kosa, endelea. Wakitoka wa katikati kwa pamoja, umekosea, badilisha.

Ila usibadilishe kwa hofu. Kosa kubwa la ma-DJ wapya ni kukata wimbo baada ya sekunde 15 kwa sababu uwanja umepungua watu wanne. Mzunguko wa mapigo 32 kwenye kasi ya mapigo 112 kwa dakika ni kama sekunde 17 tu. Mpe mtu mizunguko minne ya namna hiyo, kama dakika moja na kidogo, ndipo uhukumu, na utoke pale mzunguko unapokwisha, usitoke katikati ya mstari wa mwimbaji. Ukikata ovyo mara mbili, watu wanaacha kukuamini na hawainuki tena hata ukipiga wimbo wanaoupenda.

Kuna wakati kwenye sherehe zetu ambapo staili yako haina nafasi kabisa, nao ni ndafu. Unajua inavyoingia: mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama kwenye sinia na majani mdomoni, wapishi wamembeba, wanapiga hatua tatu mbele, mbili nyuma, wanasimama, wanazunguka, MC anawachokoza. Hakuna anayejua watafika meza kuu lini. Wimbo wa dakika tatu na nusu utawaishia katikati ya ukumbi, na ukimya huo utakumbukwa kuliko kitu chochote ulichopiga. Andaa wimbo wenye kipande cha ala kinachoweza kuzungushwa, weka alama ya mzunguko wa mapigo 32 nyumbani kabla, halafu macho yako yabaki kwenye mabega ya mbebaji wa mbele. Akishusha mabega kupumzika, bonyeza mzunguko uendelee. Akiyanyanyua, achia wimbo usonge. Sauti ishuke kidogo kila MC anapofungua mdomo, ipande akinyamaza. Hapo wewe ni mpiga ngoma wa wale wapishi, na ni kazi ya heshima kubwa.

Turudi kwenye amapiano, maana ndipo roho yako ilipoumia. Kosa lako halikuwa kuipiga. Uliipiga mapema, bila daraja. Amapiano ilizaliwa Afrika Kusini kutokana na kwaito, deep house na jazz, na kwaito mama zetu wanaijua. Hapa kwetu imechezwa kwenye harusi miaka mingi, ile ya kujipanga mistari na kugeuka pamoja. Mama wa miaka 55 asiyejua jina hata moja la amapiano anajua kwaito kwa magoti. Daraja lako ndilo hilo: zilipendwa, kwaito, kisha amapiano.

Lifanye hivi. Nyimbo nyingi za dansi la zamani zina sehemu mbili, ya kuimba taratibu, halafu chemko, ile sehemu inayochangamka. Wazee huinuka kwa sauti ya mwanzo lakini hucheza hasa kwenye chemko, kwa hiyo weka alama pale chemko linapoanza. Ukiona uwanja umejaa mapema, ruka moja kwa moja hapo, ukiona watu bado wanatafuna, acha wimbo utembee. Usijaribu kulinganisha mapigo ya nyimbo hizo kama unavyofanya na za kisasa. Ngoma ilipigwa na mtu, wala haikupigwa na mashine, kasi inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, na mistari ya mapigo kwenye programu yako itadanganya baada ya nusu dakika. Toka kwa kukata: subiri gitaa limalize mzunguko wake, tupia mwangwi wa pigo moja, ingiza kwaito kwenye pigo la kwanza.

Kutoka kwaito panda taratibu. Tuseme upo kwenye 105. Upandishe wimbo huo kwa asilimia 3 ukielekea mwisho, utafika 108. Ingiza wimbo ambao kasi yake halisi ni 108, nao usogeze kwa asilimia 2, utafika 110. Amapiano ya 112 iteremshe kidogo mpaka 110 uichomeke hapo, kisha uirudishe kwake polepole wakati watu wanacheza. Nyimbo tatu, dakika kama kumi, na hakuna aliyehisi umemhamisha. Ukitaka kufanya hivyo kwa wimbo mmoja, utapandisha zaidi ya asilimia 6, na asilimia 6 ni karibu nusu toni nzima: mwimbaji ataanza kulia kama mtoto. Kitufe cha kushikilia ufunguo wa sauti, kile kinachozuia sauti isipande pamoja na kasi, kinasaidia kwenye nyimbo mpya, lakini kwenye zile za zamani magitaa yanaanza kugugumia kama yapo majini. Huko kizime, usisogeze zaidi ya asilimia 2.

Besi nayo ina sheria. Ule mlio mzito wa amapiano usiuachie juu ya besi ya wimbo unaotoka. Funga besi ya unaoingia, acha shekeri na kinanda vipite kwanza kwa mapigo 32, halafu badilisha besi zote mbili kwa wakati mmoja kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya. Besi mbili zikikutana kwenye saboofa ukumbi unajaa matope, watu wanapoteza mguu, na utadhani wameukataa muziki kumbe wamekosa pigo la kukanyagia.

Rekodi za zamani zina jambo lingine: nyingi ni za mono (sauti ya njia moja), zina kelele za kanda, na sauti yake ni ndogo. Ma-DJ huzikuza kwa kugeuza besi mpaka mwisho, na matokeo yake ni mngurumo tu. Pandisha gain, kile kitufe cha kukuza sauti kilicho juu kabisa kwenye chaneli, mpaka taa zifike kijani ya mwisho. Besi iongeze kidogo sana, trebo ipunguze kidogo ili kelele za kanda zisichome. Taa nyekundu ikibaki inawaka, mawimbi yamekatwa vichwa, na twita zitaungua kabla ya harusi kuisha, kisha mwenye vyombo atakudai wewe.

Wakati wa chakula, sauti iwe ile ambayo watu wawili wanaongea kuvuka meza bila kuinama. Wengi wanaona hiyo si kazi ya DJ, lakini wazee waliopigiwa kelele saa mbili wakila hawatainuka saa nne. Masikio yana kiwango: wataalamu wa usalama kazini huko Marekani wanapendekeza usizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Wewe upo mbele ya spika kila wiki. Nunua vizibo vya masikio, nakuomba.

Maombi ya nyimbo yaandike kwenye karatasi. Mtu mmoja aliyelewa akiomba wimbo mara tatu bado ni mtu mmoja. Shangazi wa bibi harusi akiomba mara moja, nyuma yake ipo meza nzima.

Kuna familia ambazo swali lako halipo kabisa. Nyumba nyingine za Kilutheri na za kilokole hazitaki muziki wa dunia wala pombe ukumbini, injili tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo uliza siku ya kuchukua malipo ya awali, usilisubiri ukumbini. Uliza pia umri wa wengi watakaokuja, wanatoka wapi, nani anaingia na wimbo gani, na ukumbi unafungwa saa ngapi kwa mujibu wa kibali.

Huko Arusha, siku za Ijumaa pale Njiro ambapo jina lako lipo kwenye bango, geuza mizani. Kwenye harusi, katika nyimbo kumi, saba ziwe wanazozijua na tatu zako. Kwenye usiku wako, saba ziwe zako. Tatu zilizobaki usizidharau, maana ndizo zinazowapa ujasiri wa kukufuata kwenye zile saba. Wimbo mgeni uweke katikati ya miwili inayojulikana, na usiupige mara moja tu: rudi nao wiki ijayo, saa ileile. Kumbuka pia mji huo umelea hip-hop, makundi ya X Plastaz na Weusi yametoka hapo, na mtu wa hip-hop humsomi miguuni. Msome mdomoni. Akiwa anaghani mistari yote, shusha sauti kwenye kiitikio umwachie amalizie mwenyewe. Hapo umembadilishia staili bila kubadilisha hata wimbo.

Yote haya hayawezekani kama laptopu yako imepangwa kwa aina za muziki tu. Tengeneza mafolda kwa shughuli: kuingia, keki, ndafu, chakula, kutunza, uwanja wa wazee, daraja, uwanja wa vijana. Kwenye kila wimbo andika kasi yake na dakika ambayo chemko linaanza. Zile ulizopakua kwenye video, nyembamba kama redio ya mkulima, zitafute upya kwa ubora wa kbps 320. Nakala ziwe kwenye fleshi mbili tofauti, zikae mifuko tofauti.

Umesema Jumamosi ijayo una harusi Usa River, wageni wengi kutoka Machame. Niandalie folda la daraja kwanza, nyimbo kumi na mbili zinatosha, kati ya 104 na 112. Nitumie orodha kabla ya Alhamisi nikuangalizie zipi wazee wa Machame watazikubali, na uandike pembeni ni wimbo gani umepanga uwe amapiano ya kwanza, na saa ngapi.

Mama yako,
Moshi