Faili zimefika, kazi inaandikwa "imeshindwa"

SWALI: Jambo Yaya. Natunza kompyuta za depo ya unga hapa Lubumbashi. Kila usiku Robocopy, ile programu ya Windows, inanakili faili za mauzo kutoka mashine ya kaunta hadi diski ya ofisini. Zinafika zote, nimezikagua. Lakini programu inayopanga kazi za usiku inaandika "imeshindwa", namba 1, na asubuhi patroni ananiita. Jumapili tu, depo ikiwa imefungwa, ndipo inakuwa kijani. Nifanye nini?
Msomaji, Kampemba

JIBU: Mdogo wangu, hiyo Jumapili ndiyo jibu lenyewe. Kila programu ikimaliza huacha namba, na programu za kupanga kazi kwa kawaida zinajua sheria moja: 0 ni salama, nyingine yoyote ni kosa. Robocopy ina yake. Kwake 0 ni kwamba hakukuwa na kitu cha kunakili. 1, imenakili vizuri. 2 ni faili za ziada upande wa pili, 4 ni zisizolingana, 8 ni zilizoshindikana, 16 ni kosa kubwa, kama diski kutoonekana kabisa. Tena hujumlishwa: ukiona 9, ni 1 na 8, yaani nyingine zimefika, nyingine zimebaki.

Tafuta kwenye maelezo ya kazi hiyo mahali pa kutaja namba za mafanikio. AutoSys, mojawapo ya programu hizo za kupanga kazi, ina max_exit_success, yaani namba ya juu kabisa inayohesabiwa mafanikio. Ukiandika 3, basi 0 hadi 3 ni kijani. Wengi huandika 7, maana Microsoft inahesabu kushindwa kuanzia 8. Mimi 4 naiacha nyekundu: faili ya mauzo isiyolingana nataka kuiona mwenyewe. Kama programu yako haina mahali hapo, iite Robocopy kutoka faili ya bat (faili ya amri za Windows), usome papo hapo ERRORLEVEL, yaani namba ambayo Robocopy imeacha: 0 hadi 3 rudisha 0, zilizobaki rudisha zilivyo. Usimalizie tu kwa "exit 0" kama mafundi wa haraka-haraka. Hapo hata diski ikizimika kwa kukosa umeme, patroni ataona kijani.

Na hili hukuliuliza. Robocopy ikikuta faili imefungwa na programu nyingine, isipoambiwa vingine hurudia mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: ni zaidi ya miezi 11, na muda wote huo hakuna namba itakayotoka. Andika /R:2 /W:10, yaani irudie mara 2 tu, ikingoja sekunde 10. Kisha iwekee kazi mwisho: ikifika saa kumi na moja alfajiri haijaisha, ikatwe na ihesabiwe imeshindwa, upate muda wa kunakili kwa mkono kabla kaunta haijafunguliwa.