Jibu: Viza ya Kanada iliyokataliwa kwa sababu za usalama

Ndugu yangu wa Bukavu, uliuliza kama mahakama ya Kanada inaweza kumpa mdogo wako viza aliyonyimwa kwa sababu za usalama. Haiwezi. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho, akikubali kwanza kesi isikilizwe, huchunguza tu kama uamuzi una mantiki, kwa kipimo kilichofafanuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Vavilov mwaka 2019, na kama utaratibu ulikuwa wa haki. Akiona kasoro, kwa kawaida huirudisha faili kwa ofisa mwingine. Serikali yaweza pia kuomba baadhi ya taarifa za usalama zifichwe, na hapo, kwa maoni yangu, mtu hujitetea gizani. Muda wa kufungua kesi, kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, ni siku 60 tangu alipoarifiwa, basi asiumalize kwa kuandikia ubalozi barua za malalamiko.